Shika Mkono wa Kulia

Wapo watu wanaojua kuendesha gari bila kugusa usukani. Mmoja wao ni bibi ambaye watoto wa jirani walimpachika jina la Bi Trafiki. Maishani mwake hajawahi kushika gia, na breki hajui ilipo. Lakini mkalishe kiti cha nyuma, boksi la keki mapajani, mtandio umefungwa hadi kidevuni, uone kazi.

"Punguza. Punguza basi. Huyo wa baiskeli umemwona?"

"Nimemwona, Mama."

"Umemwona au unasema tu? Hata kichwa hukugeuza."

Mkwe wake akageuza kichwa.

"Angalia mbele wewe, utatuua."

Ndiyo ilikuwa kila siku. Kiti cha mbele alikikataa tangu mwanzo. "Cha mbele ni cha kufa," alisema, "na mimi bado nipo nipo kidogo." Taa ikiwa nyekundu, mbona umesimama mbali. Ikiwa kijani, unasubiri nini, ikomae?

Mkwe wake, wateja walimwita Mama Keki, na jina hilo lilimtosha. Alioka nyumbani, kwenye jiko la uani, na kupeleka mwenyewe kwa gari dogo lenye mlango wa nyuma usiofunga mpaka uupige kiuno. Barabara zilikuwa na mashimo, kwa hiyo ilibidi mtu ashike boksi. Mume wake ni muuguzi, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku, huyo humpati. Basi mama mkwe alipohamia kwao baada ya goti kuanza kumsumbua, akajiajiri mwenyewe. Hakuna aliyemwomba. Asubuhi moja walimkuta tu amekaa kwenye gari, kajifunga mtandio, anauliza mbona hawaondoki.

Kelele Mama Keki aliziweza. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Kilichomnyima usingizi ni njia.

Ilianza siku ya sherehe kule mtaa wa zamani. Mitaa ya huko imebanana, vichochoro vinafanana kama mapacha, na simu yenye ramani ikifika huko inachanganyikiwa kuliko mgeni. Mama mkwe aliwahi kukaa huko alipokuwa bibi harusi.

"Mitaa hii nimeikanyaga mpaka imenizoea," alisema. "Wewe nisikilize mimi. Hapo mbele shika mkono wa kulia."

Mama Keki akakata kulia.

"Unakwenda wapi?"

"Kulia, Mama. Si umesema?"

"Nimesema wa kulia. Sasa huku si tunarudi tulikotoka?"

Wakageuza. Mbele kidogo, "mkono wa kulia" tena. Akakata kulia tena, wakatokea kwenye geti la karakana ya magodoro, mlinzi amekaa juu ya godoro anacheka. Walipofika ukumbini wageni walishakula, walishafuta midomo, na mtoto mwenye siku yake alikuwa amelala begani kwa baba yake.

Meneja wa ukumbi alikuwa mwembamba, kiunoni ana funguo nyingi kiasi kwamba unamsikia kabla hujamwona. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mama Keki, keki zako tamu, sina ubishi. Lakini keki haiji wageni wakiaga. Kuna harusi kubwa inakuja, nakupa hiyo. Ukiwahi, keki zote za ukumbi huu ni zako, kila sherehe. Ukichelewa, tusitafutane."

Kila sherehe. Mama Keki alirudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Kazi ya kudumu. Kuacha kubahatisha wateja, mara wapo, mara wamepotea. Alikuwa ameota jambo hilo tangu ana oveni moja yenye mlango wa kufunga kwa waya. Na sasa lilikuwa linaning'inia kwenye ulimi wa mama mkwe.

Akaanza kuchunguza.

Wakienda anakokujua Mama Keki mwenyewe, mama mkwe alilalamikia mwendo tu. Wakienda anakokujua mama mkwe, wanapotea. Na siyo kupotea hivi hivi. Akisema wa kulia, njia ilikuwa kushoto. Akisema "mkono ule mwingine", njia ilikuwa kulia. Neno kushoto lenyewe halikumtoka mdomoni hata kwa bahati mbaya, kama vile linauma. Siku moja, wakipeleka keki kwa mwalimu anayestaafu, Mama Keki akajaribu kitu. Akaambiwa kulia, akakata kushoto. Wakafika mlangoni, mwalimu mwenyewe bado anapiga pasi shati.

Hapo akaanza kupiga hesabu. Kama kinyume cha maneno yake ndiyo njia, basi njia anaijua. Na kama anaijua, anaificha kwa nini?

"Mama ni mzee," alisema mume wake, anavua viatu vya kazini, macho yanafumba. "Anachanganya."

"Anayechanganya hupatia siku moja moja. Mama yako hakosei kukosea."

"Sasa akupoteze ili apate nini?"

"Ndiyo najiuliza."

"Jiulize taratibu basi, nilale."

Mume akalala. Mke akabaki anahesabu mambo mengine. Kwa mfano, chakula. Mezani mama mkwe alidonoa kama ndege aliyetishwa. Tonge linapanda nusu njia, wali unamwagika, anatazama kama kuna aliyeona, kisha "nimeshiba". Halafu anabeba sahani kwenda nayo chumbani, "nitamalizia baadaye", na komeo unalisikia, ka! Sahani inarudi nyeupe utadhani imelambwa. Sasa mtu anayekula vizuri hivyo, kwa nini asile mbele ya watu? Anaogopa kuwekewa kitu? Au ndiyo namna ya kusema chakula cha mkwe hakiliki?

Siku moja akaacha kuwaza, akasikia kwa masikio yake. Alikuwa anapita na ndoo, mama mkwe yuko chumbani anaongea na simu. Alikuwa anaongea na wifi, yule binti yake anayekaa ghorofa ya nne.

"Hapana, hajui," mama mkwe alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Nafunga mlango. Hata kaka yako hajui... Usimwambie, nakuomba. Huyu mkewe ana jicho huyu. Ananitafutia sababu."

Ndoo nusura imponyoke. Hajui nini? Kaka hajui nini? Mama Keki alisimama pale kwenye korido, maji yanamlowesha vidole vya miguu, akajisemea: basi, yameshakuwa yetu wawili.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na macho manne. Mama Keki akikoroga unga, anamtazama mama mkwe kwa pembe ya jicho. Akigeuka ghafla, anamkuta naye anamtazama. Wanatabasamu wote wawili. "Hujachoka, mwanangu?" "Sijachoka, Mama." Huku kila mmoja anajiuliza mwenzake ana nini mfukoni.

Siku ya harusi ikafika. Keki ilikuwa ya ngazi tatu, nyeupe, na alikuwa ameikeshea. Alipanga kumwacha mama mkwe nyumbani. Alitoka na boksi kwa kunyata, kama anaiba keki yake mwenyewe, akafungua mlango wa nyuma wa gari kwa kiwiko.

Mama mkwe alikuwa ndani. Mtandio hadi kidevuni.

"Nimekuwekea mto chini," alisema. "Umechelewa. Nipe hilo boksi."

Ungefanyaje? Keki ya ngazi tatu haishikwi na mkanda wa kiti. Mama Keki akampa boksi, akaingia mbele, akapanga moyoni: chochote atakachosema, nafanya kinyume. Mwongo ukishamjua, naye ni ramani.

Barabara kuu ilikuwa imefungwa. Mafundi walikuwa wanalaza mabomba, na kijana mwenye kibendera chekundu akawapungia waingie mtaa wa zamani. Simu ikang'ang'ania warudi barabarani. Mama Keki akaizima.

"Umesimama katikati," sauti ikatoka nyuma. "Unataka kuuza keki hapa?"

"Natafuta njia, Mama."

"Njia ninayo mimi. Nenda, nenda, kwenye hilo duka la rangi shika mkono wa kulia."

Mama Keki akakata kushoto. Akakaza mabega, anasubiri kelele.

"Haya," alisema mama mkwe. "Leo umeamka na masikio."

Amekaidi waziwazi, halafu anasifiwa? Akatazama kioo cha kati. Mama mkwe ametulia, uso mkunjufu kabisa, anachungulia dirishani kama mtu anayeona nyumba za rafiki zake.

"Sasa mkono ule mwingine."

Akakata kulia.

"Ndiyo hivyo. Ungekuwa hivi siku zote, tungegombana nini?"

Huyu mtu ana nini leo? Njia ilikuwa sawa, maana paa jekundu la ukumbi lilionekana kwa mbali juu ya mabati. Lakini sifa zile zilimtia hofu kuliko lawama. Simba akikuchekea, hesabu meno. Akawaza, akawazua, mpaka akaona mwanga, au alidhani ameuona. Ameshanigundua! Ameona kwamba nafanya kinyume, ananibembeleza nizoee, halafu pale penye umuhimu atasema kweli ili nikikaidi, nipotee.

Wakafika penye tangi kubwa la maji. Njia zikagawanyika mbili, zote nyembamba.

"Hapa wa kulia, halafu tumefika."

Kumbe ndiyo hapa. Mama Keki akajiona mjanja kupita wajanja wote, akakata kulia kwelikweli.

"We! Wapi huko?"

Kichochoro kikapinda, kikabana, na mbele yao ukatokea ukuta. Ukuta mtupu, umeandikwa "Usikojoe hapa". Mama Keki alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Boksi likateleza, karatasi zikalia.

Aliogopa kugeuka. Akatazama kupitia kioo.

Mkono mmoja wa mama mkwe ulikuwa umeng'ang'ania mshikio wa mlango. Ule mwingine ulikuwa ndani ya boksi, umeidaka keki kabla haijabiringika, na kidole gumba kimezama kwenye ngazi ya kati hadi kwenye pingili.

"Umefurahi?" alisema Mama Keki. "Umefanikiwa sasa. Sema tu kwamba hutaki nipate hii kazi."

"Mimi? Nimekwambia wa kulia."

"Na nimekata kulia."

"Umekata wapi? Kulia ni huku." Mama mkwe akautoa mkono kwenye boksi, akauinua juu kabisa. Krimu ilimtiririka hadi kwenye bangili. "Huku. Hujui kulia, na leseni wamekupa?"

Mama Keki alitazama ule mkono. Akaangalia wa kwake, mmoja baada ya mwingine, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama. Huo ni mkono gani?"

"Wa kulia."

"Huo?"

"Si ndio ninaoli..." Mama mkwe akajikata. Mkono ukashuka taratibu, ukajificha chini ya mtandio, krimu na yote. Akageukia dirishani, ambako palikuwa na ukuta tu.

Ndipo yakaja yote kwa pamoja, kama bakuli zinazoporomoka kabatini. Wali unaomwagika. Komeo. Sahani nyeupe. Nafunga mlango, hata kaka yako hajui.

"Mama," alisema Mama Keki polepole. "Wewe ni mashoto?"

Mama mkwe akavuta mtandio, akaufunika ule mkono zaidi.

"Waliniambia mkono wa kulia ni ule unaolia chakula," mama mkwe akasema, bado anaangalia ukuta. "Nilikuwa mdogo. Mimi nikaangalia ninalia kwa upi, nikaushika huo. Siku nakula na wenzangu nikachapwa vidole. Wakaniita Shoto, hata wadogo zangu. Nikajifunza kula kwa ule wenu mbele za watu. Mume wako atajuaje, alikuwa anakula na baba yake, mimi nakula jikoni na dada yake. Lakini kichwani, mwanangu, haikutoka. Wa kulia ni unaonishibisha. Ule wenu uliniliza tu. Labda ndiyo maana mnauita hivyo."

Mama Keki alitaka kucheka, akajikuta anafuta jicho.

"Mbona hukusema? Mimi nikajua unanipoteza makusudi."

"Wewe?" Mama mkwe akageuka. "Mimi ndiye niliyejua unafanya makusudi. Nakwambia huku, unakwenda kule. Kila siku. Nikasema, huyu anataka mume wake aone nimechakaa akili, nipelekwe ghorofa ya nne kwa wifi yako. Lifti mbovu, goti bovu. Nikaning'inie huko kwenye kibaraza kama nguo iliyosahaulika kuanuliwa."

"Kwa hiyo uliponitazama jikoni..."

"Nilikuwa nakuchunga. Na wewe je?"

"Na mimi nilikuwa nakuchunga."

Wakatazamana kwenye kioo. Kwa mbali, upande wa ukumbi, spika zikaanza kupimwa: moja, moja, mbili.

"Rudi nyuma basi, utalala hapa?" alisema mama mkwe, na sauti ilikuwa imerudi mahali pake. "Rudi. Rudi. Pole pole, kuna ndoo. Nimesema ndoo. Unaiona?"

"Naiona, Mama."

"Unaiona au unasema tu?"

Wakatoka kichochoroni kinyumenyume, wakafika tena penye tangi.

"Wa kulia," alisema mama mkwe.

Mama Keki akaweka mguu kwenye breki. "Wako au wangu?"

"Wangu. Wako umetufikisha ukutani."

Meneja alikuwa amesimama kwenye lango la nyuma, anachezea funguo. Magari ya wageni yalikuwa yanaanza kupangwa, lakini bibi harusi hakuwa amefika. Mama Keki alibeba keki hadi mezani, akafungua boksi, na pale ngazi ya kati palikuwa na shimo, la ukubwa wa gumba la bibi mmoja mtu mzima. Akajifanya anapanga kitambaa. Akachomoa mfuko wake wa krimu kwenye mkoba, akakamua ua moja, zito, petali juu ya petali, shimo likazibika.

Funguo zikasikika mgongoni.

"Hili ua mbona liko peke yake?"

"Hapo ndipo wanapoanzia kukata," alisema Mama Keki.

"Pembeni hivi?"

"Upande wa kulia," alisema mama mkwe aliyekuwa nyuma yao, mkono ndani ya mtandio.

Meneja akatazama ua. Lilikuwa upande wa kushoto. Akamtazama bibi, akamtazama Mama Keki, akatazama ua tena. Ukiona mtu anajua kuna kitu lakini hakijui, ndiyo uso ule. Kisha nje honi zikaanza, msafara umefika, hana muda.

"Jumamosi ijayo kuna nyingine," alisema, anaondoka. "Na zinazofuata. Wahi hivi hivi."

Usiku ule walikula wawili tu, mume yuko kazini. Mama Keki alipakua, akakaa. Mama mkwe akaitazama sahani, akatazama mlango wa chumba chake, akatazama mlango wa nje.

"Nimeufunga," alisema Mama Keki.

Basi mama mkwe akakunja mtandio, akautoa mkono wake wa kulia, ule wake, akala. Punje hata moja haikudondoka. Alipomaliza akasema wali umepikwa na maji mengi.

Mambo mengine hayakubadilika. Huyo wa baiskeli umemwona, mbona unabana kushoto kama una deni na ukuta. Naam, siku hizi kushoto analitaja, ila kwa sauti ndogo. Lakini lile suala la mkono halikutoka mle garini. Mama mkwe aliomba hivyo, na Mama Keki hakuona sababu ya kukataa.

Jumapili moja mume akapata mapumziko, akasema leo anawaendesha yeye, wakae kama malkia. Wakaenda kumsalimia shoga wa zamani wa mama mkwe, kule kule mtaa wa zamani. Safari hii wanawake wote wawili walikaa nyuma.

"Hapo kwenye duka la rangi," alisema mama mkwe, "shika mkono wa kulia."

Mume akakata kulia. Mama Keki akapata kitu cha kuangalia nje ya dirisha.

Walipita karakana ya magodoro. Wakapita tena. Mlinzi akawapungia mkono.

"Mama, umesema kulia, nimekata kulia."

"Nimesema wa kulia, baba. Wewe umekwenda wapi?"

Mume akapunguza mwendo. Akatazama kioo cha kati. Mama yake amebana midomo, macho juu. Mke wake anauma ncha ya mtandio, mabega yanatikisika.

"Nyinyi wawili," alisema, "mna nini?"

"Angalia mbele," wakajibu kwa pamoja, "utatuua."